Pori la Kutengenezwa

Mwaka juzi nilikodi gari kwa siku tatu kuizunguka Cabot Trail, huko Nova Scotia, Kanada: kilomita 298 hivi, bahari upande huu, milima upande ule. Inapendeza, sikatai. Ninalolikataa ni neno "pori". Pale Cap-Rouge waliishi wavuvi na wakulima wa Kiakadia, wenye asili ya Ufaransa. Hifadhi ya taifa ilipoundwa mwaka 1936, ardhi yao ikatwaliwa, wakahamishwa. Sisi leo twaegesha gari, twapiga picha, twashangilia: "Tazama, hakuna hata nyumba!" Hata mimi nilishangilia. Na barabara yenyewe, ati, imepewa jina la Cabot, baharia wa 1497, hali Wamikmaki walikuwapo karne nyingi kabla yake.