Miaka 45 hadi 60: Umri ambao kliniki inamsahau mwanamke

Mwanamke wa Mang'ula akiwa mjamzito, kliniki humpima presha kila anapohudhuria. Akishamaliza kuzaa, kadi inawekwa kabatini na kupimwa kunaishia hapo. Sera ya msamaha wa matibabu nayo inamtazama mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo. Mama wa miaka 52 yuko wapi hapo? Hayupo.

Na hii ndiyo miaka mwili wake unabadilika. Wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni inashuka, na ndiyo iliyokuwa ikisaidia mishipa ya damu kutanuka vizuri. Mafuta mabaya huongezeka kwenye damu, presha nayo inapanda kimyakimya. Homoni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiupa uke unyevu. Kwa hiyo moyo na chumbani vinaguswa kwa pamoja, ila la moyo angalau linasemwa kwa daktari. La chumbani halisemwi popote.

Mke anavumilia maumivu, mume anadhani amechokwa. Nyumba inaingia baridi kwa jambo ambalo kilainishi cha maji kutoka duka la dawa kinaweza kulipunguza. Kisipotosha, zipo krimu za estrojeni za kupaka ukeni, anazoandika daktari. Sabuni na dawa za kuingiza ukeni zinachubua tu.

Huku bondeni kuna mtego mwingine: malaria. Mama akiamka usiku ameloa jasho, watu wanasema ni malaria, anameza dawa. Apime kwanza. Kipimo kikisema hana, huenda ni joto la ukomo wa hedhi.

Vipi kuhusu hofu kwamba mwenye presha hatakiwi kushiriki tendo la ndoa? Mara nyingi haina msingi. Tendo lenyewe linautumikisha moyo kama kupanda ngazi za ghorofa mbili hivi. Anayepalilia mpunga kutwa bila kubanwa kifua, kwa kawaida analimudu. Ila mwenye ugonjwa wa moyo, au presha iliyo juu sana, amuone daktari kwanza. Na kama dawa za presha zimepunguza hamu, usiziache. Sema, ubadilishiwe.

Kitu cha kuogopa ni dalili ambazo akina mama huzipuuza. Mshtuko wa moyo kwa mwanamke unaweza kuja kama uchovu usioeleweka, kuhema, kichefuchefu, maumivu ya mgongo au taya. Wengine huziita vidonda vya tumbo, wanalala. Ukiziona ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo. Kwa watu wa bonde hili, ya rufaa ni Mtakatifu Fransisko, Ifakara.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na Januari 2024 serikali ikazindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kwa maoni yetu, hao wahudumu ndio njia ya haraka kuliko bima. Mashine ya presha haihitaji daktari, na inaweza kwenda hata kwenye kikao cha VICOBA, ambako akina mama wa umri huu wapo kila wiki. Akishapima, mhudumu aulize na lile la chumbani, mama akiwa peke yake. Mkwewe asiwepo.