Uacheni Mnara, Tazameni Karai

Nimechoka na hadithi za mnara. Kila kijana anayeshika kalamu siku hizi lazima atuletee kijiji kilichokuwa kimelala salama mpaka ulipokuja mnara wa simu, watoto wakaanza kuumwa vichwa, ng'ombe wakaharibu mimba, na mwishoni mzee mmoja mwenye mvi anasema, "Si niliwaambia?" Hata mimi niliwahi kuandika moja. Namshukuru mhariri aliyeikataa.

Naandika haya nikiwa Tinde, njia panda ya Nzega, Kahama na Shinyanga mjini, ambako malori ya Rwanda na Burundi hayalali na vijiwe navyo havilali. Minara tunayo. Na mkoani kwetu ndiko inakoishia ile njia ya umeme ya kilovolti 400 iliyoanzia Iringa ikapita Dodoma na Singida, kilometa 670, ikakamilika mwaka 2016. Basi kijiweni utasikia: mionzi inatumaliza ubongo, bwana.

Tatizo letu la kwanza ni hilo neno. Mionzi ya eksirei, mionzi ya jua, mionzi ya mnara, utadhani wote baba mmoja mama mmoja. Ukoo ni mmoja kweli, lakini tabia mbalimbali. Eksirei ina nguvu ya kuvunja viungio vya kemikali ndani ya chembe hai, ndiyo maana mpiga picha wa hospitali anajificha nyuma ya ukuta. Mawimbi ya simu, tuseme yale ya megahezi 900, hayana nguvu hiyo hata kidogo. Linalojulikana kwa hakika ni kwamba yakiwa makali hupasha joto, na viwango vya kimataifa vimewekwa chini kabisa ya joto la kudhuru. Tena ukienda mbali mara mbili, nguvu inayokufikia inabaki robo.

Hapa ndipo mshikaji mmoja alipotaka kunitwanga ngumi. Nilimwambia kwamba simu iliyobanwa sikioni humpa mtu mawimbi mengi kuliko mnara ule pale, na kwamba simu hujikaza zaidi mtandao unapokuwa hafifu. Mnara ukiwa karibu, simu inanong'ona. Mnara ukiwa mbali, inapiga kelele, na kilicho karibu na kelele hizo ni kichwa chako. Sasa anayetaka mnara ung'olewe ili kuokoa ubongo wake, anauokoa na nini?

Sisemi ubongo hausikii kitu. Mwaka 2011 Nora Volkow na wenzake huko Marekani waliwawekea watu 47 simu masikioni kwa dakika 50, wakaona sehemu ya ubongo iliyokuwa jirani na antena inatumia sukari zaidi. Kama kuna dhara katika hilo, halikuonekana. Mwaka huohuo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, waliokutana Lyon, waliyaweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikaleta saratani, kundi ambalo zimo pia achari za mboga za kule Asia. Nguvu ya sumaku inayotoka kwenye nyaya za umeme iliingia kundi hilo tangu 2002, na shaka yenyewe ilikuwa saratani ya damu kwa watoto, si ubongo. Kisha 2024 uchambuzi mkubwa ulioagizwa na shirika hilohilo haukukuta uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Mwenye kudai mnara wa mtaani kwake upimwe, niko naye bega kwa bega: Tume ya Nguvu za Atomiki ije, ipime, na majibu yabandikwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji tuyasome wote. Lakini kudai kipimo ni jambo moja, kututungia wagonjwa ni jambo jingine.

Na sisi wa Shinyanga, jamani, ndio wa kucheza na uvumi? Vikongwe wangapi wameuawa huku Usukumani kwa sababu ya macho mekundu, na macho yenyewe yameharibiwa na moshi wa kuni na samadi jikoni? Moshi ulikuwepo mbele ya kila mtu. Watu wakatazama uchawi.

Nina sababu ya kukasirika. Mjomba wangu alirudi kutoka machimbo ya Geita mikono ikimtetemeka, kikombe cha chai hakifiki mdomoni. Mtu aliyekuwa mcheshi akawa mkali, anasahau, analia ovyo. Kijiwe kikatoa hukumu: ni simu, si mnaona anaiweka mfuko wa shati? Hakuna aliyemuuliza habari ya karai. Kule mwaloni, mchanga uliosagwa kwenye makarasha unachanganywa na zebaki ili ikamate dhahabu, unakamuliwa kwa kitambaa, kisha donge linachomwa motoni. Zebaki inapaa kama mvuke usioonekana; ukiuvuta unaingia mapafuni, kwenye damu, na ubongoni. Mjomba alikuwa akichomea chumbani, mlango amefunga kwa kuogopa wezi, kwenye jiko lilelile la kupikia ugali.

Hilo halihitaji "huenda". Masazumi Harada, daktari aliyewashughulikia wagonjwa wa Minamata kule Japani, alikuja kupima nywele za watu wa machimbo yetu ya Kanda ya Ziwa, na mwaka 1999 yeye na wenzake wakaandika kwamba wachimbaji wana dalili za sumu ya zebaki. Baadaye wapimaji wengine walifika Rwamagasa, Geita. Mkataba wa Minamata ulipitishwa 2013, nchi yetu ikauridhia 2020. Ushahidi umejaa tele, na katika miswada yote ya wenzangu niliyopata kuisoma sijakuta hadithi hata moja ya karai. Labda kwa sababu mnara ni mrefu na umeletwa na wageni, wakati karai tunalishika wenyewe.

Mjomba amesikiliza kijiwe. Simu ameiuza kwa dereva wa lori. Juzi nimempigia pasi shuka, nikaona chini ya kitanda kichupa kimefungwa kwa nailoni, kidogo hivi lakini kizito ajabu. Nikamuuliza. Akasema nisikiguse, ni mtaji, Jumatatu anarudi Geita.