Inzi wa Nairobi Si Inzi

Mvua kubwa zinapopita na taa za usiku kuvuta wadudu ndani ya nyumba, zahanati za Afrika Mashariki hupokea wagonjwa wanaofanana: mtu alilala mzima, na baada ya siku moja au mbili akaona mchirizi mwekundu shingoni, unaowaka kama moto na kuota malengelenge. Wako wanaoambiwa kuwa ni mkanda wa jeshi. Na kwa kuwa maradhi hayo yamezoeleka kuhusishwa na VVU, mgonjwa hurudi nyumbani na hofu nzito kuliko kidonda chenyewe. Kumbe huenda chanzo ni mdudu asiyezidi sentimita moja, na kosa limeanzia kwenye jina lake.

Mdudu huyo huitwa inzi wa Nairobi, ilhali si inzi. Ni mbawakawa wa jenasi Paederus, iliyopewa jina hilo na Fabricius mwaka 1775. Wanaojulikana zaidi katika ukanda huu ni Paederus eximius na Paederus sabaeus. Inzi ana jozi moja ya mabawa ya kurukia. Mbawakawa ana mbili, na ya mbele ni magumba magumu. Huyu magumba yake ni mafupi, yenye rangi ya buluu au kijani ing'aayo. Kichwa ni cheusi, kifua ni chekundu cha machungwa, na tumbo jembamba lina rangi hiyohiyo ila ncha yake ni nyeusi. Akishtuliwa, huinua ncha hiyo juu kama nge.

Jina likikosewa, mkono nao hukosea. Aonaye inzi humpiga. Adhaniye kuwa ameumwa humponda papo hapo. Mbawakawa huyu haumi wala hachomi. Sumu yake, pederini, imo ndani ya mwili, na hutengenezwa na bakteria waishio ndani ya majike. Anapopondwa ndipo sumu humwagika juu ya ngozi, na vidole huipeleka hadi jichoni.

Kwa mhudumu wa afya, maelezo haya ni sehemu ya uchunguzi. Mkanda wa jeshi hufuata njia ya neva upande mmoja wa mwili, na mara nyingi maumivu hutangulia vipele. Jeraha la pederini hufuata njia ya kiganja kilichompangusa mdudu. Laweza kuvuka katikati ya mwili, na penye mkunjo, kama kiwiko, hujichapa pande zote mbili. Kupima VVU ni jambo jema, lakini lisisukumwe na utambuzi uliokosewa.

Mdudu akitua mwilini, apulizwe au aachwe apande karatasi, kisha atolewe nje. Akipondwa, sehemu hiyo ioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, na macho yasiguswe. Jicho likivimba, mgonjwa aende hospitali bila kuchelewa.

Hakuna haja ya kumwangamiza kila aonekanaye, kwani shambani hula wadudu waharibifu. Inatosha atambulike. Picha yake ya rangi, ikibandikwa ukutani kabla ya mvua, ingewaepusha wagonjwa na malengelenge, na ingewaepusha wengine na aibu isiyo yao.