TASAF siyo hisani ya mtu

Makamanda, kuna kauli moja lazima tuikatae: "Serikali imewasaidia wazee." Serikali haijamsaidia mtu hapo. Inadaiwa.

Fungueni Katiba ya 1977, Ibara ya 11(1). Inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wa jamii akiwa mzee, mgonjwa, mlemavu au hajiwezi. Neno lililotumika ni HAKI, siyo fadhila. Mwaka 1976 nchi yetu iliridhia pia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni, ambao Ibara yake ya 9 inatambua haki ya kila mtu kupata hifadhi ya jamii.

Sasa rudini Ibara ya 7(2). Mchezo uko hapo. Inasema hakuna mahakama yenye uwezo wa kuamua kama serikali imetekeleza hayo. Yaani haki umepewa, lakini mlango wa kwenda kuidai umefungwa. Bibi akikatwa kwenye orodha ya walengwa wa TASAF, Ibara ya 11 haimsaidii kitu mahakamani. Atabaki kuwanyenyekea viongozi wa kijiji. Na mtu anayenyenyekea ni rahisi kumpangia kura.

Kenya walishatoka huko. Katiba yao ya 2010 imeweka hifadhi ya jamii Ibara ya 43, ndani ya sura ya haki, na Ibara ya 22 inamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa.

Watasema hela hakuna. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kulipa pensheni jamii, sh. 20,000 kwa mwezi, kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, awe alikuwa mwajiriwa au mvuvi, tena kwa bajeti yake yenyewe. Serikali ni ya CCM hao hao! Mzee wa Bumbwini ana nini ambacho mzee wa Bagamoyo hana? Huku Bara tunaambiwa tusubiri TASAF, inayotegemea sana mikopo ya Benki ya Dunia. Mikopo hiyo tutalipa sisi, kwa kodi ya kila vocha na kila mche wa sabuni. Halafu tupige magoti kushukuru?

Tunadai mambo mawili. Kwanza, pensheni kwa kila mzee, Bara kama Visiwani. Pili, Katiba Mpya itakayohamishia hifadhi ya jamii kwenye haki zinazodaiwa mahakamani.

Kijijini kwenu wakimwambia mzee ashukuru, msomeeni Ibara ya 11.