Misuli Isiyopokea Amri

Nyama ya paja la ng'ombe ikiisha kuiva, mama aivute kwa vidole: ataona yachanika katika nyuzi ndefu. Kisha ajaribu vivyo hivyo kipande cha matumbo: hakitachanika hivyo. Zote mbili ni misuli, lakini hazikujengwa namna moja.

Misuli ya paja, kama ile ya mikono, imefungwa kwenye mifupa kwa kano. Tukiitazama kwa darubini, twaona nyuzi ndefu zenye viini vingi pembeni, na milia myeupe na myeusi inayofuatana. Milia hiyo yatokana na vijiuzi vyembamba na vinene vilivyopangwa safu kwa safu, kama askari katika gwaride. Kwa hiyo misuli hii hukaza upesi, nayo huchoka upesi. Tena yatutii: mama akitaka kutwanga sombe, mkono huinuka; akitaka kupumzika, hutulia.

Misuli ya matumbo, ya mishipa ya damu na ya tumbo la uzazi haina milia. Chembe zake ni fupi, zimechongoka ncha zote mbili, na kila moja ina kiini kimoja katikati. Vijiuzi vimo vilevile, ila vimepita huku na huku kama nyuzi za wavu. Hukaza polepole, huvumilia muda mrefu, wala haingoji amri: bukari yasagwa tumboni hata tukiwa usingizini.

Kwa nini twawaeleza haya? Kwa sababu twasikia bado katika jamaa nyingi: «Mke wetu ni hodari, abeba mzigo wa kuni, atazaa nyumbani.» Lakini kuni hubebwa kwa misuli yenye milia. Tumbo la uzazi ni la namna ile nyingine. Mtoto na kondo la nyuma vikiisha kutoka, nyuzi zake zilizosukana hazina budi kukaza na kuibana mishipa ya damu ipitayo kati yake. Zikilegea, damu humwagika, na mama aweza kufa katika saa chache. Ushujaa wake hauwezi kuziamuru. Wala matusi ya wakwe hayawezi.

Misuli hiyo yasikia sauti nyingine. Mtoto anyonyapo, mwili wa mama hutoa kitu kiitwacho oksitosini, kinachoikaza. Lakini kunyonyesha peke yake hakutoshi kuzuia damu nyingi. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lashauri kila mama apewe oksitosini mara baada ya mtoto kuzaliwa, na mkunga huitoa kwa sindano.

Basi, baba, weka akiba ya safari kabla mwezi wa kuzaa haujafika, umpeleke mkeo maternite. Usipime usalama wake kwa nguvu za mikono yake.