Dawa ya kuongeza damu: Somo la Pemba kwa muuguzi na mzazi

PEMBA

Mzazi anayemfikisha hospitali mtoto mwenye viganja vilivyopauka hutarajia kuondoka na dawa ya kuongeza damu. Muuguzi anapoanza kwa kuuliza kuhusu homa, kumpima mtoto uzito na kumchukua damu kwa kipimo cha malaria, baadhi ya wazazi huona wanacheleweshwa. Hatua hizo zina sababu, na ushahidi wake mkubwa ulipatikana kisiwani Pemba.

Januari 2002 ulianza kisiwani utafiti wa madini ya chuma na foliki asidi, pamoja na zinki, kwa watoto wa mwezi 1 hadi 35. Malaria ilikuwa imeenea mno wakati huo, na ilitarajiwa kuwa dawa hizo zingepunguza maradhi na vifo. Agosti 2003, kamati ya kusimamia usalama wa utafiti ilishauri utoaji wa chuma na foliki asidi usitishwe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet, yakihusu watoto 24,076, yalionesha kuwa waliopewa dawa hizo walikabiliwa na hatari ya kulazwa au kufariki iliyozidi kwa asilimia 12 ile ya wasiopewa.

Hata hivyo, chuma si sumu. Katika kundi dogo la watoto waliopimwa damu mwanzoni, wakafuatiliwa kwa karibu na kutibiwa malaria mapema, wale waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika. Kilicholeta tofauti ni kupima kwanza na kutibu malaria kwa wakati. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilielekeza kuwa, penye malaria, watoto wapewe chuma sambamba na hatua za kuikinga, kuipima na kuitibu.

Tangu wakati huo malaria imepungua sana Zanzibar kutokana na dawa mseto, vyandarua na upuliziaji dawa majumbani, lakini haijatokomezwa. Hivyo maswali ya muuguzi yangali na uzito wake.

Wananchi wanahimizwa kutowapa watoto dawa hiyo bila ya kipimo, na kueleza kila dawa waliyokwishaitumia nyumbani. Wajawazito waendelee na vidonge wanavyopewa kliniki, kwani somo hili linahusu watoto wadogo.