Kimoja Huwa Viwili

Mwezi wa Mei 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kaskazini ya Kigoma, walipokusanyika maelfu ya wakimbizi wa Burundi. Kabla ya mwezi kwisha wagonjwa mkoani walikuwa wapatao 3,000, na zaidi ya watu 30 walikwisha kufa. Maradhi hupataje nguvu upesi namna hii?

Jawabu limo katika seli, chembe ndogo ambayo kila chenye uhai kimejengwa kwayo. Mwili wetu una seli zisizohesabika. Kijidudu cha kipindupindu ni seli moja tu. Hula, hukua, hunakili urithi wake wote, kisha hujigawa kikawa viwili. Na viwili huwa vinne. Kikijigawa kila nusu saa, baada ya saa kumi huwa zaidi ya milioni. Basi kiporo cha wali kilichoguswa usiku na mkono mchafu, asubuhi si kile cha jana.

Lakini kugawanyika huko ni neema pia. Seli za utando wa utumbo wetu hujifanya upya kila siku chache, wala kipindupindu hakiuharibu utando huo. Humkausha mtu maji. Ndiyo sababu mgonjwa akinyweshwa mapema maji ya chumvi na sukari yenye kipimo, huku akipelekwa hospitali, aghalabu hupona.

Kwa hiyo yatupasa, sisi wa Ujiji na wa mwambao wote, tuchemshe maji ya kunywa, tunawe kwa sabuni, na kiporo tukipashe moto hasa kabla ya kuwapa watoto.